Mume Aliyekwenda Kununua Ndama

Kwa karibu miaka minane nilikuwa mpelelezi wa kujitegemea mjini Nyeri, na katika muda huo wote sikumkimbiza mtu hata mmoja. Nikisema nilifanya kazi hiyo, watu huwaza bastola na koti refu. Mimi nilikuwa na sweta ya kijani, kitambaa cha kichwa, na kiondo chenye sindano na uzi wa kufuma. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kukaa. Nilikaa kwenye mabenchi ya korti, kwenye ngazi za posta, nje ya zahanati. Mwanamke anayefuma hakuna anayemuuliza anamngoja nani.

Niliingia kazini humo bila kukusudia. Nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi ya wakili, na siku moja tarishi aliyekuwa akipeleka hati za korti akaugua. Wakili akanituma Karatina kumpelekea mtu samansi. Mtu huyo alikuwa ameshawakwepa wanaume wawili kwa kupitia mlango wa nyuma. Mimi alinikaribisha, akanipa kiti, akaagiza nimiminiwe uji. Nilipomaliza uji nikampa karatasi. Hakukasirika. Alinitazama kwa masikitiko tu, akasema, "Hata wewe, mama?" Niliona haya njia nzima hadi Nyeri, lakini wakili alikuwa ameshaamua kwamba kazi hiyo ni yangu.

Baadaye nikakodi chumba changu mwenyewe juu ya duka la mshonaji, karibu na soko. Cherehani zilinguruma chini ya miguu yangu tangu asubuhi. Sikuweka kibao mlangoni, maana mawakili ndio waliowatuma watu kwangu. Kazi zenyewe zilikuwa ndogondogo: shahidi aliyehama, mfanyakazi aliyedai mgongo umevunjika huku akilima viazi vyake Kieni kama trekta, mume au mke mwenye wasiwasi. Kuna mwanamume mmoja wa Karatina aliyetaka kujua mkewe huenda wapi kila Jumanne alasiri. Nilimfuata mkewe Jumanne mbili. Alikuwa akienda kwenye darasa la gumbaru nyuma ya kanisa, kujifunza kusoma pamoja na wazee. Mume aliisoma ripoti yangu mara mbili, akauliza, "Sasa kwa nini hakuniambia?" Hapo nilianza kujifunza kwamba mara nyingi mtu hupewa ukweli aliouomba, akabaki na swali lingine kubwa zaidi.

Lakini kazi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mwalimu mmoja kutoka upande wa Chaka.

Alikuja katikati ya miaka ya tisini, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa bado umefunika kilima. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye chaki kwenye mkunjo wa vidole. Alikaa bila kuegemea kiti.

"Mume wangu alitoka nyumbani miaka tisa iliyopita," akasema. "Alienda Nanyuki kununua ndama. Hajarudi."

Nikangoja. Watu wengi hulia wakifika hapo. Yeye alifungua mkoba, akatoa picha na kuilaza mezani. Ilikuwa ya ubatizo wa binti yao wa mwisho. Mume alisimama nyuma, nusu ya uso imefichwa na kofia ya mama mkwe.

Akanieleza shida yake kwa utaratibu, kama anayeandika ubaoni. Hati ya shamba ilikuwa kwa jina la mume. Watoto walikuwa wamekua, kijana mkubwa alitaka kujenga, na bodi ya ardhi isingekubali shamba ligawanywe bila mwenye hati kusimama mbele yao. Wakili alimwambia kuna njia. Mtu asiposikika kwa miaka saba, korti inaweza kumhesabu amekufa. Alichotakiwa ni kuapa kwamba hajamwona wala kusikia habari zake, kisha mambo yaendelee.

"Na ni kweli hujasikia," nikasema.

"Ni kweli. Mwanangu ameshaandikisha karatasi, imebaki mkono wangu tu." Akaitazama ile picha. "Lakini mimi sijaona maiti. Nitamzikaje mtu kwa kalamu? Kama amekufa, nionyeshe kaburi. Kama yuko, nionyeshe aliko. Ati watu wanafikiri nataka arudi. Sitaki arudi, msichana wangu. Nataka nijue ninaapa nini."

Nilimuuliza maswali ya kawaida: alikunywa, alikuwa na adui, alikuwa na mwanamke. La, la, hajui. Nikauliza mikono yake ilijua kazi gani. Hilo ndilo swali nililoliamini kuliko mengine. Mtu anayejificha hubadilisha jina na kofia, lakini kazi ya mikono humfuata.

Kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. "Alikuwa akizalisha ng'ombe. Ndama akikwama, watu walimwita hata kutoka ng'ambo ya mto. Hakusomea popote. Aliingiza mkono tu, akafumba macho, akamgeuza."

Nilianza na dada wa huyo mume, aliyeolewa Kangema. Nilipitia Othaya, barabara ikipinda kati ya vilima vya majani chai, na nikamkuta shambani, kikapu mgongoni. Sikupenda kuwadanganya ndugu wa mtu, kwa hiyo nilimwambia wazi: nimetumwa na wifi yako, anamtafuta mumewe.

"Sijamwona tangu aondoke," akasema, mikono ikiendelea kuchuma.

Jibu lilikuwa sawa. Kilichonishangaza ni alichokosa kusema. Ukimtajia mtu ndugu yake aliyepotea, jambo la kwanza atakuuliza ni kama umesikia lolote, kama yuko hai. Huyu hakuuliza. Nikaweka kiondo chini, nikaanza kumsaidia kuchuma, majani mawili na chipukizi, kama alivyonionyesha. Tukazungumza juu ya watoto, juu ya kifua chake kilichokuwa kikimsumbua, juu ya manyunyu yale ya Kangema ambayo hayakatiki.

"Baridi hii si ya mchezo," nikasema.

"Ndugu yangu sasa hawezi kuivumilia. Ameshazoea jua."

Mkono wake ukasimama juu ya majani. Mimi nikaendelea kuchuma kana kwamba upepo ndio uliosema. Tulimaliza mstari ule na mwingine. Nilipoaga, alinishika kiganja akakikaza.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia."

"Mimi sijakuambia kitu."

"Hujaniambia."

Basi nikajua mambo mawili: yuko hai, na yuko penye jua. Kutoka Nanyuki, alikoonekana mara ya mwisho, jua liko upande wa chini, kaskazini mwa Laikipia, kwa wafugaji. Nikaenda kwenye mnada wa mifugo Nanyuki, nikazunguka nikiuliza si mtu bali kazi. Nilisema shemeji yangu ana ng'ombe anayepata shida kila akizaa, nani anajua kuzalisha? Watatu walinielekeza kwa daktari wa mifugo wa serikali. Wa nne, dereva wa lori la mbuzi, alikuna kidevu.

"Kama ingekuwa Doldol, ningekuambia kuna Mkikuyu mmoja. Wanamwita daktari, lakini si daktari. Ana mkono tu."

Wiki iliyofuata nilipanda lori lake, nikakaa mbele karibu naye. Baridi ilibaki Nanyuki. Vumbi liliingia kwenye sweta yangu, miti ikawa mifupi yenye miiba, na mlima niliouzoea upande mmoja tangu kuzaliwa ukawa nyuma yetu na umbo lingine, kama mtu wa nyumbani uliyekutana naye ugenini. Dereva alinishusha mbele ya kioski cha chai. "Mzee hunywa chai hapa," akasema. "Muulize huyo mama."

Mama mwenyewe alikuwa Mmasai, labda rika langu, mwenye shanga chache shingoni na sweta ya mikono mirefu. Nikamuuliza kuhusu mtu anayezalisha ng'ombe.

"Yuko. Ameenda kwa boma ile. Ng'ombe imekwama tangu asubuhi." Akanipanguzia benchi. "Ngoja. Atakuja."

"Unamjua vizuri?"

"Mimi ni wa nyumba yake."

Alisema hivyo bila kujivuna wala kuogopa. Akamimina chai, kisha akasita, akanitazama kitambaa cha kichwa, kiondo, viatu.

"Wewe umetoka kwao," akasema.

Ningeweza kukana. Kazi yangu ilinifundisha kukana. "Ndiyo, mama," nikasema. "Nimetoka kwao."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilikuwa najua siku moja mtu atakuja." Akaongeza maziwa kwenye kikombe changu. "Kunywa kwanza. Ukimaliza nitakuonyesha njia."

Nilimkuta nje ya boma, akinawa. Alikuwa amevua shati, mkono wa kulia umelowa damu na ute hadi begani, na kijana wa boma anammiminia maji kutoka kibuyu. Ndama alikuwa pembeni, amelowa kabisa, akijaribu miguu yake. Uso niliouona nusu kwenye picha sasa niliuona wote. Ulikuwa umeungua kwa jua na kukonda, lakini ulikuwa uso mpole. Nadhani nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na ule upole ulinivuruga.

Nikamwamkia. Nilipomsalimu kwa Kikuyu aliacha kusugua, kisha akaendelea.

"Umetumwa na nani?"

"Na mama wa watoto wako."

Akasugua kiwiko, akasugua kila kidole. "Wako wote?"

"Wako wote, mzee. Mdogo yuko darasa la saba."

Hapo akakaa chini, juu ya jiwe, mkono ukiwa bado na povu. Kijana wa boma akaondoka na kibuyu chake. Sikumuuliza kwa nini aliondoka, maana sikutumwa kuuliza. Alisema mwenyewe.

"Hakuna kitu nilifanyiwa," akasema. "Mke wangu ni mtu mzuri. Nilikuja Nanyuki kununua ndama, nikamkosa. Mtu akaniambia huku wako wazuri. Nikaja. Siku hiyo kulikuwa na ng'ombe inakufa, nikaisaidia, wakaniomba nilale. Kesho yake kulikuwa na nyingine. Nikajisikia mwepesi. Sijui nitakuambiaje. Nyumbani nilikuwa baba, nilikuwa mzee wa kanisa, nilikuwa mume wa mwalimu. Hapa nilikuwa mtu na mkono wake. Siku moja ikazidi. Wiki ikaisha. Ukikaa wiki, huwezi kurudi bila neno la kusema. Nikawa natafuta hilo neno. Mwezi ukaisha, mwaka ukaisha, na kila siku neno likawa linahitaji kuwa kubwa zaidi."

Nikamweleza kuhusu hati ya shamba na bodi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema jambo ambalo nadhani alilifikiria miaka mingi.

"Waambie nilikufa. Wewe andika hivyo. Watapata shamba, na hakuna atakayeona aibu. Itakuwa rahisi kwa kila mtu."

Lazima nikiri kwamba nililipima. Karatasi ya mwana ilikuwa tayari, korti ingekubali, na mimi ndiye mtu pekee aliyejua kwamba mzee huyu anakaa juu ya jiwe anakauka mkono kwa jua. Ningeandika "hakupatikana" na hakuna ambaye angeniuliza.

"Mzee," nikasema, "hiyo njia iko wazi tangu miaka miwili iliyopita. Mwanao anaitaka, wakili anaitaka. Ni mkeo aliyekataa. Alisema hawezi kukuzika kwa kalamu."

Alimtazama ndama. Ndama alikuwa amesimama sasa, akimtafuta mama yake mahali pasipo pake. Mzee akainuka, akamsukuma kidogo kwa goti mpaka akapata titi.

"Bodi inakaa siku gani?" akauliza.

Nilimwambia siku. Hakuahidi.

Mwalimu nilimkuta nyumbani kwake Chaka, akisahihisha madaftari mezani. Nilikuwa nimepiga taipu ripoti ya kurasa mbili, lakini niliona ni utovu wa adabu kumpa mtu habari kama hiyo kwenye karatasi. Nikamwambia kwa mdomo. Yuko hai. Yuko Doldol. Anazalisha ng'ombe.

Alifunga daftari alilokuwa nalo, akafungua lingine. "Ana mtu?"

"Ana mtu."

"Watoto?"

"Hapana."

Akasahihisha hesabu tatu, moja akaitia alama ya kosa. "Anapikiwa, basi," akasema. Kisha akaweka kalamu chini na kwenda jikoni, akakaa huko kitambo kirefu. Aliporudi alikuwa ameleta chai, na macho yake yalikuwa makavu. Hakuniuliza tena habari za yule mama wa kioski, ila siku moja, miezi mingi baadaye, aliniuliza kama ni mtu mwenye heshima. Nikamwambia ndiyo.

Siku ya bodi nilikwenda ingawa hakuna aliyeniita. Watu walikuwa wamejaa kwenye nyasi nje ya ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, kila familia na bahasha yake. Mwalimu alikuwa na watoto wake watatu. Kijana mkubwa hakunisalimu. Kwake mimi ndiye niliyeharibu jambo lililokuwa limeshanyooka. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Majina yaliitwa, watu wakaingia na kutoka. Mwalimu hakutazama barabarani hata mara moja. Binti mdogo ndiye aliyetazama, na ndiye aliyemwona, ingawa hakumjua.

"Mama, yule mzee anatuangalia kwa nini?"

Alikuwa amesimama langoni, amevaa koti kubwa kuliko yeye na ameshika fimbo kwa mikono miwili. Alikuja polepole kwenye nyasi. Mwalimu akainuka, na nikaona mkono wake ukitafuta kitu cha kushika, ukapata bega la binti.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

"Umekunywa chai?"

"Bado."

Akafungua chupa ya chai, akammiminia. Mzee akainywa akiwa amesimama. Hayo ndiyo maneno yote waliyosemezana baada ya miaka tisa, na mimi niliyeishi kwa kusikiliza maneno ya watu nililazimika kutazama kando. Kijana mkubwa aliondoka akaenda kusimama karibu na ua, akawapa mgongo.

Ndani, mwenyekiti wa bodi alimuuliza mzee kama anakubali shamba ligawanywe. Akakubali. Akaulizwa kama amelazimishwa na mtu. Akasema hakuna. Mpima ardhi akasoma vipande: cha kijana, cha binti wa pili, cha mdogo, cha mama.

"Na wewe, mzee, unabaki na nini?"

"Sibaki na kitu."

"Andika na yeye," mwalimu akasema kutoka kwenye benchi. "Robo eka, huko chini kando ya mto. Mtu lazima awe na mahali pa kulazwa siku yake ikifika."

Mpima akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, na ikaandikwa.

Alirudi Doldol siku hiyo hiyo. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemwomba akae. Kabla hajaondoka alimwendea mwanawe pale penye ua na kunyoosha mkono. Kijana aliutazama ule mkono, kisha akavuka barabara. Nimesikia kwamba hata baadaye hakubadili mawazo, na siwezi kumlaumu. Alikuwa mvulana baba yake alipotoka, na yeye ndiye aliyekamua ng'ombe asubuhi zote hizo kabla ya shule.

Binti mdogo alikuwa tofauti. Alipofika sekondari alianza kwenda Doldol likizo, kwanza na shangazi yake wa Kangema, kisha peke yake. Mama yake alimfungia viazi na kabichi za kupeleka, na yule mama wa kioski alimrudisha na asali. Wakati mwingine binti alipita ofisini kwangu akiwa safarini, akakaa chumbani humo juu ya duka la mshonaji akinisimulia jinsi alivyofundishwa kujua umri wa mbuzi kwa meno.

Niliacha kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya tisini, magoti yalipochoka na mabenchi ya korti. Wiki ya mwisho nilikwenda Chaka kumuaga mwalimu. Alikuwa ameshastaafu, na nilimkuta kwenye ile robo eka kando ya mto, viatu vya mpira miguuni, akichimba nduma, yaani majimbi, alizokuwa amezipanda huko. Zilikuwa nduma kubwa, zimenawiri.

"Mzee hajambo?" nikauliza.

"Hajambo. Anakohoa kidogo." Akang'oa shina moja, akalikung'uta matope kwenye paja. "Nimepalima kwa muda tu. Siku wakimleta nitang'oa."

Akanijazia kiondo, na tukapanda kilima taratibu, yeye mbele.